Kufuga tarantula: Mambo ya kujua kabla ya kumleta nyumbani

Tarantula ni buibui wakubwa wenye manyoya ambao watu wengi wakiwaona hutimua mbio. Lakini Ulaya, Marekani na sehemu nyingine za dunia kuna watu wengi wanaowafuga ndani ya nyumba kama wengine wanavyofuga kasuku au samaki. Wana vyama vyao, hukutana kwenye maonesho, na hubadilishana watoto wa buibui kama wafugaji wa njiwa wanavyobadilishana makinda.

Sifa zinazowavutia ni rahisi kuzielewa. Tarantula hapigi kelele, hanuki, hahitaji kutembezwa, na anakula mara moja kwa wiki au hata mara moja kwa wiki mbili. Ukisafiri siku kumi, ukamwachia maji, hutamkuta amedhoofika. Kwa hiyo anayeanza hudhani hii ni kazi nyepesi, na kwa kweli kazi ya kila siku ni nyepesi. Kinachompa mtu shida ni uamuzi anaoufanya siku ya kwanza: buibui wa aina gani, na ametoka wapi. Makala hii inaeleza maswali hayo mawili na mambo mengine ya msingi.

Tarantula ni nani hasa?

Jina hili linatokana na mji wa Taranto, kusini mwa Italia. Zamani wakazi wa huko walilitumia kumtaja buibui mwingine kabisa, na waliamini kuwa aliyeng'atwa hupona kwa kucheza ngoma. Wazungu walipofika Amerika na kukuta buibui wakubwa zaidi, waliwapachika jina lile lile, likawaganda.

Leo wataalamu wanapotaja tarantula wanakusudia ukoo unaoitwa Theraphosidae, wenye spishi zaidi ya 1,000. Wanaishi Amerika, Afrika, Asia, Australia na sehemu chache za kusini mwa Ulaya. Wengi huishi ndani ya mashimo ardhini, wengine hupanda miti. Hawatandi utando wa duara kama buibui wa kwenye dari. Hukaa mlangoni pa shimo usiku, wakisubiri mdudu apite. Macho yao manane hayaoni vizuri. Wanategemea mtikisiko wa ardhi unaopita kwenye miguu na manyoya yao.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni umri. Jike wa spishi nyingi zinazofugwa huishi miaka 15 hadi 20, na wengine huvuka hapo. Dume maisha yake ni mafupi: akishafikia utu uzima huacha shimo lake, huanza kutafuta jike, na kwa kawaida hufa baada ya miezi kadhaa au mwaka mmoja hivi. Kijana wa miaka 18 akinunua jike mchanga leo, huenda akawa naye mpaka atakapokuwa na watoto wanaosoma shule ya msingi.

Makundi mawili yenye tabia tofauti

Kabla ya kuchagua rangi au ukubwa, anayeanza anapaswa kuelewa mgawanyiko huu.

Kundi la kwanza ni tarantula wa mabara ya Amerika. Wengi wao wana silaha ya pekee: manyoya madogo mno juu ya fumbatio, yenye ncha kama mwiba. Wakitishwa huyafyatua kwa miguu ya nyuma, na manyoya hayo huwasha ngozi na kuumiza macho. Kwa sababu wana kinga hiyo, wengi hawana haraka ya kung'ata, na sumu yao kwa binadamu mwenye afya kwa kawaida huleta maumivu yanayofanana na ya kuumwa na nyuki.

Kundi la pili ni tarantula wa Afrika na Asia. Hawa hawana manyoya ya kuwasha. Kinga yao ni kasi, kujificha, na kung'ata. Sumu yao ina nguvu zaidi: hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba tarantula amewahi kuua mtu kwa kumng'ata, lakini waliong'atwa na baadhi ya spishi za kundi hili wameeleza maumivu makali na misuli kukakamaa, wakati mwingine kwa siku kadhaa.

Hivyo ushauri unaorudiwa na wafugaji wazoefu duniani kote ni huu: anza na buibui wa Amerika, wa ardhini, mpole, na mwenye mwendo wa polepole.

Spishi zinazomfaa anayeanza

Tliltocatl albopilosus anatoka Amerika ya Kati, hasa Honduras, Nikaragua na Kosta Rika. Ni wa kahawia, mwenye nywele ndefu zilizojikunja. Ni mvumilivu, anakula vizuri, na bei yake ni ya chini. Wengi huanza na huyu.

Brachypelma hamorii ni yule wa Mexico mwenye magoti mekundu, anayeonekana sana kwenye filamu na vitabu vya watoto. Anakua polepole. Ni mpole, ila hufyatua manyoya upesi.

Grammostola pulchra wa Brazil na Uruguay ni mweusi tii na mtulivu kuliko wengi. Bei yake iko juu kwa sababu huchukua miaka mingi kukua.

Grammostola rosea wa Chile ni mgumu wa maisha, lakini ana tabia inayowatia wafugaji wapya wasiwasi: anaweza kugoma kula kwa miezi mingi bila kuwa mgonjwa.

Mtoto au mkubwa?

Tarantula huuzwa akiwa mtoto wa sentimita moja hivi, akiwa kijana, au akiwa mkubwa. Mtoto ni wa bei nafuu na utamwona akikua, lakini ni dhaifu: akikaukiwa na maji siku chache anaweza kufa. Tena huwezi kujua mapema kama ni jike au dume. Jinsia huthibitishwa baadaye kwa kuchunguza ndani ya gamba alilovua, kwa kutumia hadubini au kioo cha kukuzia. Kwa mtu wa mara ya kwanza, kijana mwenye urefu wa sentimita tano hadi nane kutoka mguu hadi mguu ndiye chaguo salama.

Nyumba yake

Kosa kubwa la wanunuzi wapya ni kumpa tarantula wa ardhini tangi refu la samaki. Buibui huyu ni mzito, na fumbatio lake ni laini kama puto lililojaa maji. Akipanda kioo akaanguka kutoka juu, linaweza kupasuka, na huo ndio mwisho wake.

Kipimo kinachotumika ni hiki: upana wa sanduku uwe mara mbili hadi tatu ya urefu wa buibui kutoka mguu hadi mguu, na nafasi kati ya udongo na kifuniko isizidi mara moja na nusu ya urefu huo. Sanduku la plastiki angavu lenye matundu madogo ubavuni linatosha. Kifuniko kifunge barabara, kwa sababu tarantula ni hodari wa kusukuma. Wavu wa chuma juu haufai. Kucha hunasa, na buibui akihangaika hukatika mguu.

Ndani weka vitu vitatu.

Cha kwanza ni udongo wa kina cha kutosha kuchimba, angalau sentimita kumi kwa mkubwa. Nyuzi za makumbi ya nazi zilizosagwa zinafaa sana, peke yake au zikichanganywa na udongo usio na mbolea wala dawa. Usitumie vumbi la mbao lenye harufu kali.

Cha pili ni maficho. Gome la mti, chungu kilichopasuliwa nusu, au kifuu cha nazi kilichofukiwa kidogo vyote vinafaa. Buibui asiye na pa kujificha hukaa na hofu muda wote, na mwenye hofu ndiye anayefyatua manyoya na kung'ata.

Cha tatu ni chombo cha maji kisicho na kina. Kifuniko cha chupa ya maji kinatosha. Usiweke sifongo ndani yake kama maduka mengine yanavyoshauri; sifongo huoza na kukusanya vijidudu.

Taa ya joto haihitajiki. Joto la chumba kati ya nyuzi 20 na 27 za Selsiasi linamfaa. Kwa anayeishi Ulaya au Kanada, chumba kinachopashwa joto wakati wa baridi kinatosha. Taa au mkeka wa joto chini ya sanduku mara nyingi humkausha na kumuua, kwa kuwa kwa asili yake tarantula huchimba chini kukimbia joto, lakini hapo akichimba anakutana nalo. Usiweke sanduku dirishani jua linapopiga.

Tahadhari moja inahusu sana nyumba za ukanda wenye mbu: dawa ya kupuliza inayoua mbu na mende inaua buibui pia. Chumba chenye tarantula kisipuliziwe dawa, wala usimguse baada ya kumpaka mbwa au paka dawa ya viroboto.

Chakula

Tarantula hula wadudu hai: nyenje, mende wa kufugwa, na funza wa unga. Mkubwa anakula mara moja kwa wiki moja au mbili. Mtoto mara mbili kwa wiki. Mdudu asizidi ukubwa wa fumbatio la buibui. Mtoto mdogo sana anaweza kupewa kipande cha mdudu aliyekwisha kuuawa.

Usiokote mende jikoni wala panzi shambani. Hujui kama wamekula dawa. Na kama mdudu hajaliwa ndani ya saa 24, mtoe. Nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna buibui aliye dhaifu, hasa wakati ule tunaoueleza hapa chini.

Fumbatio lionekane limejaa kiasi, si kuvimba kama zabibu iliyo tayari kupasuka. Likisinyaa, na miguu ikianza kujikunja kuelekea chini ya mwili, buibui anakufa kwa kiu. Mpe maji mara moja.

Kujivua gamba

Kwa wasikilizaji wetu wa Tanzania, maneno haya yana historia yake kwenye siasa. Kwa tarantula ni kazi ya kufa na kupona.

Kwa kuwa mifupa yake iko nje ya mwili, buibui hawezi kukua bila kuvua gamba lote, kuanzia miguu hadi meno. Watoto hujivua kila mwezi au miezi michache. Wakubwa mara moja kwa mwaka au zaidi ya hapo. Dalili zake ni kukataa chakula, rangi kufifia, kuwa mzito wa mwendo, na kwa wale wenye kipara cha manyoya juu ya fumbatio, ngozi hiyo kuwa nyeusi.

Siku ikifika, hulala chali, miguu juu, kimya. Wafugaji wengi wapya hudhani amekufa, wakamtupa akiwa hai. Kumbuka: tarantula anayekufa kwa kawaida hubaki amesimama wima huku miguu imejikunja chini yake. Aliyelala chali anajivua. Usimguse, usimgeuze, usimpulizie maji. Shughuli hiyo huchukua saa kadhaa.

Akimaliza, mwili wake ni laini na meno ni meupe. Subiri yageuke mekundu, kisha meusi, ndipo umlishe. Kwa mkubwa hiyo ni wiki moja hadi mbili.

Kumshika mkononi

Picha za watu wenye tarantula viganjani ni nyingi mitandaoni. Buibui hanufaiki kwa lolote na jambo hilo. Hazoei mkono, hamtambui mwenye nyumba, na akianguka kutoka usawa wa kifua chako anaweza kufa. Wakati wa usafi, tumia kibano kirefu kuondoa mabaki, na ukitaka kumhamisha mfunike kwa kikombe cha plastiki kisha pitisha kadi ngumu chini yake.

Macho ndiyo ya kulindwa zaidi. Madaktari wa hospitali moja ya Leeds, Uingereza, waliwahi kueleza katika jarida la The Lancet kisa cha mwanamume aliyepokea manyoya ya tarantula wake usoni alipokuwa akisafisha tangi. Alitibiwa kwanza kama mwenye maambukizi ya kawaida ya macho, dawa zisisaidie, mpaka vipimo vilipoonesha manyoya madogo yamechoma ndani ya jicho lake. Kwa hiyo usiinamie sanduku uso kwa uso, nawa mikono kila unapomaliza, na usijifikiche macho kabla ya kunawa. Kwenye nyumba yenye watoto, sanduku liwe na kufuli.

Huku kwetu watu wengi wamekua wakiambiwa kwamba malengelenge ya ghafla kwenye ngozi ni “kukojolewa na buibui”. Mara nyingi anayehusika ni mdudu mwingine, yule mbawakawa mwembamba mwekundu na mweusi anayejulikana kama Nairobi fly, ambaye akisagwa kwenye ngozi hutoa majimaji yanayounguza. Mkojo wa tarantula si tishio.

Ametoka wapi?

Hili ndilo swali ambalo muuzaji lazima alijibu, na linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja.

Ardhi yetu ina tarantula wake. Wafugaji wa nje huwaita buibui-nyani, kwa vile miguu yao yenye manyoya hufanana na vidole vya nyani. Pterinochilus murinus, anayepatikana Kenya, Tanzania na nchi nyingine hadi Angola, ana aina ya rangi ya chungwa inayouzwa kwa jina la Usambara. Ni maarufu sana Ulaya na Marekani, na kwa ukali wake amepewa jina la utani lenye maana ya “kile cha chungwa kinachong'ata”. Mwingine ni Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania, wa rangi ya kutu, mwenye miguu minene ya nyuma ya kuchimbia, na ambaye akikasirika hutoa sauti ya kukwaruza. Jike wake huchukua miaka mingi kukomaa. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayemfaa anayeanza.

Tatizo ni jinsi wengine wanavyofika sokoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la Communications Biology ulikuta zaidi ya spishi 1,200 za buibui, nge na jamaa zao zikiuzwa mtandaoni, na nyingi kati ya hizo biashara yake haisimamiwi na mkataba wowote wa kimataifa. Mwaka 2019 maofisa wa forodha wa Ufilipino walikamata tarantula hai 757 waliotoka Poland, wakiwa wamefichwa kwenye maboksi ya biskuti na shayiri.

Kumwondoa jike mmoja shimoni si sawa na kuokota panzi. Huyo ni mnyama aliyesubiri miaka kadhaa kuanza kuzaa. Mtu akipita mlimani na jembe, akachimba mashimo yote anayoyaona, kizazi kizima kinaweza kutoweka mahali hapo kabla hakijajulikana vizuri na wataalamu.

Serikali nazo zimeamka. CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, umemlinda tarantula wa Mexico mwenye magoti mekundu tangu mwaka 1985, na mwaka 2019 uliongeza jamii ya Poecilotheria wa India na Sri Lanka. Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Nchini Kenya, Mei 2025, mahakama iliwatoza watu wanne, wakiwemo vijana wawili kutoka Ubelgiji, faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha mwaka mmoja kwa kukutwa na maelfu ya chungu hai waliokusudiwa kwa soko la wafugaji. Kesi ile ilionesha kwamba sheria ya wanyamapori haihusu tembo na faru peke yao.

Kwa hiyo, ukiwa Minnesota, Muscat au Birmingham, nunua buibui aliyezaliwa kwa mfugaji, na umwambie muuzaji akueleze alizaliwa lini na wapi. Kwa kawaida mfugaji wa kweli hujibu bila kusita. Bei ya chini mno kwa jike mkubwa wa spishi inayokua polepole ni dalili kwamba amechimbwa porini. Ukiwa Kenya au Tanzania, usimchimbe wa porini wala usiagize wa nje kwa njia za panya. Anza kwa kuuliza mamlaka ya wanyamapori kuhusu vibali. Na ukichoka kumfuga, usimwachie bustanini. Mgeni hufa, au huwaletea wenyeji maradhi na ushindani.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

Je, naijua spishi yake kwa jina la kitaalamu, si jina la dukani tu?
Je, muuzaji amethibitisha kwamba alizaliwa kwenye ufugaji?
Je, sheria ya ninapoishi inaruhusu, na mwenye nyumba wangu je?
Je, sanduku, udongo, maficho na maji viko tayari kabla hajafika?
Je, nina pa kupata nyenje au mende wa kufugwa mwaka mzima?
Je, nikihama au nikiugua, nani atabaki naye?

Ukikosa jibu la swali moja, subiri. Tarantula ni bingwa wa kusubiri, na atakayemfuga vizuri ni yule aliyejifunza kusubiri kabla yake.